Ukungu wa Dizeli

Watu wa Korogwe bado wanasema moto wa lile banda la injini uliletwa na sigara. Uongo. Nimeukanusha sokoni, nimeukanusha kwenye foleni ya zahanati, nimeukanusha msibani mpaka shangazi akanivuta kanga nikae chini. Sasa naukanusha kwa kuandika. Karatasi haina shangazi.

Mimi ni wa Sindeni, upande wa Handeni, Mzigua mtoto wa Wazigua, watu wa mahindi. Nilisoma mpaka darasa la kumi katika shule ya bweni ya wasichana, nikarudi nyumbani nikiwa na Kiingereza, hesabu na mdomo. Kisha nikaolewa na mtu wa injini wa shamba la mkonge, ng'ambo ya Korogwe. Baba yake alikuja kutoka kusini akiwa manamba, wale wa mkataba waliopewa kipande cha bati chenye nambari shingoni. Mama yangu alilia siku tatu. Baba hakulia. Alisema tu, "Miaka kumi ya shule, ukaolewe na namba."

Namba mwenyewe alikuwa mtu mpole kuliko wote waliowahi kunipa chai. Wiki ya kwanza ya ndoa alinipeleka kuiona injini, kama wengine wanavyompeleka mke kwa mama mkwe. Ilikaa katika banda la mabati, ndefu kuliko kitanda chetu, nayo ndiyo iliyozungusha korona, mashine inayoponda majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Kelele yake ilikuingia tumboni kabla ya masikioni.

"Tafuta plagi," aliniambia ilipozimwa.

Nilizunguka. Nilijua plagi kwa sababu niliwahi kuona dereva wa lori akiisugua pembeni mwa barabara. Sikuona kitu.

"Haina," akasema, amefurahi kama mtu aliyeficha peremende. "Haina cheche hata moja."

"Sasa inawaka kwa dua?"

Alichukua pampu ya baiskeli, akaniambia nizibe tundu kwa kidole gumba, akasukuma. Akasukuma tena. Nikapiga kelele nikatoa kidole.

"Hiyo ni hewa tu, umeibana kidogo. Injini inaibana mpaka inakuwa ya moto kuliko kikaango. Hapo ndipo nozeli inapulizia dizeli, laini kama ukungu wa Vugiri asubuhi. Inawaka yenyewe. Kibiriti cha nini?"

"Kwa nini ukungu? Si mmimine tu?"

Mzee mmoja, mwenye kazi ya kuipaka injini grisi, alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu akifuta mikono. Ndiye aliyemfundisha mume wangu kazi, akamlea baada ya baba yake kufariki, kwa hiyo mimi aliniita mkwe. Alijibu yeye.

"Tone kubwa lina tumbo, mkwe wangu. Likiingia kwenye joto linaanza kupasha tumbo lake kwanza. Linatoa moshi, linalalamika, kazi imekwisha. Tone dogo halina tumbo. Linageuka mvuke papo hapo, linakutana na hewa, basi."

Nilimwelewa kuliko alivyojua. Mwalimu wetu wa upishi shuleni alitufundisha jiko la kupampu kwa maneno hayo hayo: mafuta hayawaki, kinachowaka ni mvuke wake. Msichana mmoja alipampu kabla shingo ya jiko haijapata moto, mafuta yakaruka mabichi, na akaenda likizo bila nyusi. Tulimcheka. Niliandika daftarini, nikapata alama zangu, nikadhani elimu hiyo imekwisha kazi.

Mwanangu alizaliwa mwanzo wa masika. Nani anayejua masika ya kambi ya mkonge bila kuishi pale? Chumba kimoja, bati moja, safu ya vyumba ishirini, na kila kamba ya nguo inadondosha maji siku tatu mfululizo. Nyumbani kwetu Sindeni tungeinamisha tenga juu ya makaa na kutandaza nguo za mtoto juu yake. Kambini makaa yalikuwa ya kupikia, tena kwa kupimiana. Mtoto akawa mwekundu mapajani, analia mchana kutwa, na mimi nalia naye, ila mimi nililia kwa matusi.

"Mwanamume gani anashinda ndani ya tanuri," nilimwambia mume wangu, "halafu mwanawe analalia nepi mbichi?"

Kesho yake alizichukua. Aliziviringisha ndani ya shati ili mnyapara asione, akazitandika juu ya bomba la moshi la injini, lile nene linalotoka ubavuni na kupanda ukutani. Jioni zilirudi zina harufu ya dizeli, zina uvuguvugu, na bado mbichi.

"Bomba lina bandeji," alisema. Ndivyo walivyoiita ile kamba nyeupe nene iliyozungushwa juu ya bomba ili joto lisitoke. "Joto haliji juu."

"Limevaa? Basi si livue! Mbona mimi nimevua kila kitu kumzalia huyu mtoto?"

Alicheka. Nilicheka na mimi, kwa hasira. Wiki ile nepi zilianza kurudi kavu, kavu mpaka zinasimama zenyewe kama karatasi ngumu. Mapaja ya mtoto yakapona. Nikalala. Sikuuliza. Nani aliyewahi kuuliza nepi imekaukaje?

Kitu kingine kilikuwa kikimsumbua mume wangu siku hizo, na hicho alinieleza kila jioni mpaka nikakijua kama sura yangu. Kibomba chembamba kinachopeleka dizeli kwenye nozeli kilikuwa na ufa, mwembamba usioonekana ila kwa jasho lake. Aliripoti kwa mnyapara. Mnyapara akasema bwana meneja ameambiwa. Aliripoti tena, akajibiwa kibomba kipya kitatoka Tanga. Mara ya tatu akaambiwa, "Wewe unafikiri Tanga ni duka la mkeo?" Basi walifanya kama watu wa mkonge wanavyofanya kila kitu: sabuni ya mche wakaisugua kwenye ufa, juu yake kitambaa, juu ya kitambaa uzi wa katani uliokazwa kwa meno. Kitambaa kilikuwa kipande cha kanga yangu. Sabuni inazuia tangi linalovuja, wala sisemi haizuii. Lakini tangi limelala. Kibomba kile kilikuwa kinapigwa msukumo kila mzunguko, kama mshipa.

Siku ya moto ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imekatika. Nilikuwa namkogesha mtoto kwenye beseni. Kwanza injini ilibadili sauti. Mke wa mtu wa injini anasikia hilo kama mama anavyosikia kikohozi. Halafu mlio mmoja, si wa kupasuka, ni kama mtu mkubwa amekung'uta blanketi: *buuf*. Nikatazama, nikaona moshi mweusi ukitokea chini ya bati.

Nilikimbia na mtoto ana povu. Nilipofika mume wangu alikuwa ameshafunga mafuta, na mzee alikuwa anapiga moto kwa magunia na mikono yake mwenyewe. Moto ulizimwa. Banda lilibaki limesimama, ukuta mweusi. Mikono ya mzee ilikuwa imechubuka mpaka viwiko, ngozi imejikunja kama soksi.

"Shikamoo baba," nikamwambia, kwa sababu sikujua neno lingine la kusema.

"Marahaba, mkwe. Mfute mtoto macho, ana sabuni."

Jioni hiyo hiyo mnyapara alikuwa na jibu. Mzee alivuta sigara. Moto hauji bila moto, banda lina mafuta, mzee yupo ndani, kwa hiyo sigara. Jumamosi meneja atatoa uamuzi mbele ya watu wote wa korona: mzee atoke kambini, chumba chake kipewe mwingine, na zahanati ya shamba isimfunge tena vidonda kwa sababu si mtu wa shamba. Mikono ile! Mtu hawezi hata kufungua kifungo, aende wapi?

Na mzee havuti. Anatafuna tumbaku, shavu la kushoto, tangu kabla sijazaliwa.

"Umemwambia meneja kuwa mzee havuti?" nilimuuliza mume wangu.

"Ameambiwa."

"Na nani?"

Akamchukua mtoto, akaanza kumwimbia.

"Nakuuliza wewe! Umesema kwamba dizeli ilipulizika kwenye ule ufa ikakuta bomba la moshi? Wewe ndiye ulinifundisha, haihitaji kibiriti."

"Mama watoto, wacha."

"Niwache nini?"

"Maneno hayawezi kumsaidia mzee. Watu wale wanajua wanachotaka."

Nilimwita mwoga. Nilimwita namba. Ndiyo, nililisema neno hilo la baba yangu, na yeye akaendelea kumwimbia mtoto kwa sauti ile ile, ila wimbo ulikuwa umeishiwa maneno.

Nilimfuata mnyapara kwenye mizani ya majani. Alikuwa mtu wa miguu mifupi na kofia kubwa, mcheshi, na ucheshi wake ndio uliouma.

"Shemeji wa darasa la kumi! Umekuja kutupa somo?"

"Nimekuja kukwambia moto haukuwa wa sigara."

"Moto hauzaliwi bila baba, shemeji."

"Huu mama yake ni kile kibomba chenu kibovu, na wewe uliambiwa mara tatu."

Wapakiaji wakaguna. Yeye akavua kofia. "Basi tuonyeshe. Jumamosi. Washa dizeli bila kibiriti mbele ya bwana, nami nitakubebea huyo mtoto mgongoni mpaka Handeni."

Basi nikajifunza. Siku tatu, nyuma ya jiko, mume wangu akiwa kazini kusugua masizi, mtoto nikamwacha kwa jirani. Nilikuwa na kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono, na pampu ya kupulizia dawa ya mbu niliyoiazima zahanati. Niliosha dawa, nikajaza dizeli. Nilichoma bomba kwenye makaa mpaka likawa jekundu, nikalitoa, nikangoja mpaka lionekane jeusi tena juani, kwa maana likiwa jekundu watasema nimewasha kwa kaa. Mara ya kwanza nilimimina dizeli kwa kijiko. Ilicheza juu ya chuma kama kuku aliyekatwa, ikatoa moshi wa kukata pumzi, haikuwaka. Mzee alisema kweli: tumbo. Nilipulizia kwa mbali mno, ukungu ukatawanyika hewani, haukuwaka. Nilingoja sana, chuma kikapoa, haukuwaka. Mara ya sita nilielekeza mdomo wa pampu ndani ya bomba lenyewe, pale hewa ilipokuwa imefungiwa na joto. Ukungu uliingia mweupe. Ukanyamaza kidogo, kama mtu aliyeitwa akawa anatafuta viatu. Kisha *buuf*. Ulimi wa moto ukatoka upande wa pili na nyusi zangu za kulia zikaenda nao.

Nilicheka peke yangu pale nyuma ya jiko mpaka jirani akachungulia na mtoto wangu mkononi.

Jumamosi watu walisimama mbele ya banda. Meneja aliketi kwenye kiti cha turubai, nyuma yake mlango wa ofisi uko wazi na picha ya Malkia inaonekana ukutani. Mzee alisimama kando, mikono imefungwa mpaka viwiko, inanuka dawa. Mimi nilishafika alfajiri na makaa yangu. Bomba lilikuwa limelala humo.

Mume wangu alikuja karibu, akainama kana kwamba ananisaidia kupuliza moto. "Usifanye," alisema kwa sauti ya chini.

"Nisifanye, mzee afukuzwe?"

"Nakuomba. Nakuomba kama mume wako."

"Kama mume wangu ungekuwa umesimama wewe hapa."

Akasimama wima, akarudi kwa wenzake.

Mnyapara alisoma mashitaka yake ya sigara. Meneja, mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha amri tu, akauliza kama kuna mtu ana neno. Nikasema ninalo. Watu wakacheka. Nilimimina dizeli kwa kijiko juu ya chuma, ikafuka tu, wakacheka zaidi. Mnyapara akanigeuzia mgongo, akajipigapiga begani. "Mlete mtoto, shemeji, nimeshainama!"

"Hilo ni tone kubwa," nikasema. "Mliloliona haliwaki. Sasa tazameni hii."

Nikarudisha chuma motoni, maana kijiko kilikuwa kimekipoza. Ule muda wa kungoja ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa kuzaa. Nilikitoa kwa koleo, nikakiegemeza kwenye mawe mbali na makaa, nikangoja wekundu upotee, nikaita watu waje waone kuwa hapana kaa, hapana kibiriti, hapana sigara. Nikapulizia. Ukungu ukaingia. Ukatafuta viatu vyake. Ukawaka.

Watu waliruka nyuma kama kuku. Mnyapara alikuwa ameinama tena kwa mzaha, akaanguka kwa magoti. Nilipulizia tena, ukawaka tena. Sikungoja kuulizwa. Nilisema yote: ufa, ripoti tatu, sabuni, kitambaa cha kanga yangu, uzi wa katani, Tanga. Nilisema kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa Kiingereza ili meneja asijifanye hakusikia. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo inacheka.

Meneja hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Aliinuka, akaingia bandani, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la moshi, akalipapasa kwa fimbo yake. Akatoka.

"Mwanamke huyu anasema kweli," alisema. "Mafuta yamegusa bomba. Lakini bomba hili lina bandeji. Mafuta yakianguka juu ya bandeji, iko moshi, hapana moto. Kwa nini hapa, karibu na nozeli, hapana bandeji? Haikuungua. Imekatwa kwa kisu. Nani amekata?"

Mtoto wangu alikuwa mgongoni. Nilisikia uzito wake wote ghafla, na chini yake nepi, kavu, safi, inayonuka dizeli kwa mbali. *Basi si livue.* Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ananitazama tayari, hakuwa na hasira yoyote, na ningependa sana angekuwa nayo.

"Ni mimi, bwana," akasema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo aliponitazama tena, kidogo tu. "Nilitaka kuona kama bomba lina kutu."

"Na ile ripoti ya ufa?" nilipiga kelele. "Mara tatu! Ufa je?"

"Ufa ni neno lingine," alisema meneja, akaketi.

Mzee alibaki. Chumba chake, zahanati yake, mpaka ngozi mpya ikafunga mikononi, nyeupe kidogo kama ya mtu mwingine. Kibomba kipya kilitoka Tanga wiki hiyo hiyo, kumbe Tanga haikuwa mbali. Sisi tulipewa mpaka Jumatatu tuwe tumetoka kambini. Tulipopakia godoro kwenye lori mzee alikuja kutuaga, akashindwa kunipa mkono, akanigusa bega kwa kiwiko.

"Umeniokoa, mkwe wangu."

Nilitaka kumwambia habari ya nepi, na yeye alikuwa wa kwanza ambaye ningepaswa kumwambia. Nikamfunika mtoto kichwa.

Sasa nakaa Sindeni na mtoto wa pili. Mume wangu alipata kazi ya kutunza injini ya kusaga unga Kwaluguru, ndogo, inakohoa, anarudi kila Jumamosi ana unga masikioni. Baba yangu anamheshimu siku hizi, anasema ni mtu aliyekubali kosa lake mbele ya mzungu. Nikisikia hivyo natoka nje.

Masika yameingia tena. Nimeinamisha tenga juu ya makaa, nepi zimetandazwa juu, na mimi naandika magotini hapa kando kwa sababu sitaki kuziacha peke yake. Jumamosi iliyopita aliingia, akavua viatu, akagusa moja kwa vidole.

"Zimekauka?"

"Bado."

"Hazina haraka," akasema, akakaa.

Nimewakatalia watu sigara kila mahali, kwa sauti, mpaka nimechokwa. Hakuna mahali hata pamoja nilipowaambia ilikuwa nini. Leo Jumamosi. Akifika, nitamsomea hiki chote, kuanzia plagi, na nikifika kwenye nepi sitaruka.